Kihisi shingoni mwa ng'ombe: kinapima nini kwenye joto la Dar?

Chukua kielezo ambacho wataalamu wa mifugo hukitumia sehemu nyingi duniani kupima kama ng'ombe wa maziwa ameelemewa na joto, ukakipeleka Dar es Salaam mwezi Februari. Saa nane mchana kitasema ameelemewa. Saa mbili usiku kitasema vilevile. Saa kumi alfajiri, feni zikiwa bado zinazunguka vyumbani, kitarudia hilohilo. Halafu anakuja mtu na mkanda wa shingoni wenye kihisi, au hereni, au kidonge kinachomezwa kikakaa tumboni, anakuambia kifaa chake kitakutumia ujumbe kwenye simu mara ng'ombe wako anapoanza kuzidiwa. Mfugaji wa Goba, Kibamba au Kigamboni ana haki ya kumuuliza: utaniambia nini ambacho jasho langu mwenyewe halijaniambia?

Jibu lipo, tena ni zuri, ila silo linalopigiwa debe kwenye vipeperushi. Kwa mji kama huu, kifaa kinachokuambia kuna joto hakina faida. Faida yake iko kwenye mambo mawili: kukuonyesha ni ng'ombe yupi anayeumia zaidi ya wenzake, na kukuonyesha kama usiku alipata nafasi ya kutoa joto alilolikusanya mchana. Hilo la usiku ndilo kubwa zaidi, na ndilo nitakalolirudia mara kwa mara.

Joto analitengeneza mwenyewe

Tumezoea kulilaumu jua. Jua linachangia, lakini sehemu kubwa ya joto linalomsumbua ng'ombe wa maziwa inatoka ndani yake. Tumbo lake kubwa limejaa vijidudu vinavyochachusha majani, na uchachushaji hutoa joto. Kutengeneza maziwa nako hutoa joto. Wahandisi wa mabanda wana kanuni ya kukadiria kiasi chake: ng'ombe wa kilo 450 anayetoa lita 12 kwa siku hutoa joto la wati 800 hivi, karibu sawa na pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka mchana na usiku. Kila lita ya maziwa inayoongezeka huongeza wati 22 hivi. Ndiyo maana kwenye banda la ng'ombe watano, anayeanza kuhema si yule mkonde aliyekauka maziwa bali yule anayelipa ada za watoto.

Joto hilo lazima litoke. Linatoka kwa mionzi kuelekea vitu vya baridi vilivyo karibu, kwa kugusana na sakafu, kwa upepo unaopita kwenye ngozi, na kwa mvuke wa jasho na pumzi. Njia tatu za kwanza zinahitaji mazingira yawe ya baridi kuliko ngozi yake. Hewa ikifika nyuzi 32 au 33, na bati juu ya kichwa chake likiwa haligusiki, njia hizo zinabaki na kazi ndogo sana. Inabaki mvuke. Na mvuke nao unataka hewa kavu ya kuupokea, kitu ambacho pwani hatuna. Hapo ndipo Dar inapotofautiana na Dodoma, hata siku ambazo kipimajoto kinasoma namba ileile.

Ng'ombe wetu wa kienyeji wana nafuu. Wana tezi za jasho kubwa na nyingi zaidi, manyoya mafupi, na kwa kuwa hawatoi maziwa mengi, joto la ndani nalo ni dogo. Chotara wa Friesian au Ayrshire amerithi kiwele cha upande mmoja, na matatizo ya upande huohuo.

Akielemewa, mwili huanza kujitetea kwa hatua unazoweza kuziona. Husimama badala ya kulala, ili upepo umpate pande zote, wakati ng'ombe mwenye raha hulala karibu nusu ya siku. Hupunguza kula. Hupunguza kucheua, ambako kwa kawaida humchukua saa saba hadi tisa kati ya 24. Pumzi huongezeka, udenda huanza kudondoka, na udenda ule una magadi ya asili ambayo tumbo linayahitaji ili lisiwe na tindikali. Akizidiwa kabisa hufungua mdomo na kutoa ulimi nje. Joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida liko kwenye nyuzi 38.5 hivi, linapita 39 na kuendelea.

Maziwa hayashuki siku ileile. Athari ya joto la leo huonekana zaidi kwenye ndoo baada ya siku mbili hivi, na hili linawachanganya wengi, maana siku maziwa yaliposhuka hali ya hewa ilikuwa imeshapoa na lawama anaangushiwa kijana wa banda kwamba amepunja pumba. Tena si maziwa kushuka kwa sababu hakula tu. Watafiti waliolisha ng'ombe wasio na joto kiasi kilekile kidogo walichokula wenzao waliokaa kwenye joto walikuta kwamba chakula pungufu kinaeleza takriban nusu tu ya maziwa yaliyopotea. Nusu nyingine ni mwili wenyewe kubadilisha matumizi ya nguvu. Uzazi nao unaumia: dalili za kutaka dume hujificha, na mimba za siku za mwanzo huharibika kwa urahisi.

Hesabu ya joto na unyevu

Kielezo nilichokitaja mwanzoni kinachanganya joto la hewa na unyevu wake kuwa namba moja. Asili yake haikuwa ng'ombe. Mwaka 1959 Mmarekani aliyeitwa Thom alikitunga kupima jinsi hali ya hewa inavyowanyima watu raha, na miaka michache baadaye watafiti wa mifugo wakakigeuza kuwa kipimo cha kukadiria maziwa yanayopotea. Kwa miaka mingi kizingiti kilikuwa 72. Baadaye, ng'ombe wa kisasa walipoanza kutoa maziwa mengi kuliko wale wa zamani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walipendekeza kishushwe hadi 68.

Tufanye hesabu. Mchana wa Februari hapa Dar, nyuzi 32 na unyevu asilimia 65, kielezo ni kama 83. Dodoma siku ya nyuzi 32 zilezile, unyevu ukiwa asilimia 35, ni 78. Zote ziko juu ya kizingiti, na tofauti ni ndogo kuliko ungedhani. Sasa subiri usiku. Dodoma ikishuka hadi nyuzi 18, unyevu asilimia 70, kielezo kinaangukia 63, na ng'ombe anapata saa kadhaa za kupoa kabisa. Dar usiku uleule ni nyuzi 25 na unyevu asilimia 88: kielezo 75 na ushee. Hakuna mapumziko. Ng'ombe anaanza siku mpya akiwa na deni la joto la jana, na kesho yake deni linaongezeka.

Mwezi Julai, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma na alfajiri ikifika nyuzi 19, hata hapa kielezo kinashuka hadi 66. Kwa hiyo mwaka wa Dar una sehemu mbili kwa ng'ombe: miezi ambayo usiku unamponya, na miezi ya kaskazi ambayo usiku haumponyi. Kifaa chochote chenye kengele inayolia kielezo kikipita 72 kitalia mfululizo kuanzia Desemba hadi Machi, na baada ya wiki moja utakuwa umeshakizima.

Hapo ndipo kihisi cha mwilini kinapopata maana, kwa sababu hakipimi hewa, kinampima ng'ombe.

Vifaa vyenyewe

Mkanda wa shingoni ndio maarufu zaidi. Ndani yake mna akselerometa, kifaa kilekile kilicho kwenye simu yako kinachojua umeilaza au umeisimamisha. Kinahesabu mtikisiko wa shingo mara nyingi kwa sekunde, kisha programu inajaribu kutambua mtikisiko huu ni wa kula, kucheua, kutembea au kutulia. Baadhi ya mikanda ya zamani ilitumia maikrofoni iliyosikiliza sauti ya cheu likipanda kooni, jambo ambalo mimi bado naliona la ajabu na zuri. Mikanda ya sasa inaweza pia kutambua kuhema, kwa sababu ng'ombe anayetweta hutikisa kichwa na shingo kwa mdundo wa aina yake. Mkanda kwa kawaida haupimi joto la mwili. Unapima tabia, na kutokana na tabia unakisia joto.

Hereni yenye kihisi hufanya kazi hiyohiyo kutoka sikioni, na nyingine huongeza kipimo cha joto la ngozi ya sikio. Kipimo hicho kitumie kwa tahadhari. Sikio ni mahali ambapo mwili huongeza au kupunguza damu kadiri hali inavyobadilika, na hereni iliyopigwa na jua la saa saba inasoma jua. Inafaa kuonyesha mabadiliko, haifai kukupa joto la ndani.

Hapa niweke tofauti moja, kwa sababu nimeisikia ikichanganywa hata na watu wa mifugo. Hereni za kielektroniki za utambuzi, zile zinazotokana na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 na zilizorudi midomoni mwa watu baada ya kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi kuzinduliwa Juni 2025, si vihisi. Hazina betri wala hazipimi chochote. Zinabeba namba tu, na namba hiyo inasomeka pale unaposogeza kisomeo karibu. Ukivishwa ng'ombe wako hereni hiyo usitarajie ikuambie ana joto, na wala usihofu kwamba kuna mtu anamfuatilia ng'ombe wako kutoka ofisini.

Kihisi cha kwato au mguuni kinachohesabu hatua na muda wa kulala sitakiongelea sana. Kilibuniwa kwa ajili ya kumgundua ng'ombe anayetaka dume, na kwa ng'ombe aliyefungwa kamba ya mita moja na nusu nyuma ya nyumba, hatua zake hazikuambii mengi. Muda wa kulala unaweza kusaidia.

Kinachonivutia zaidi ni kidonge cha tumboni. Ni silinda nzito, ndefu kama kidole, inayoingizwa kooni kwa kifaa maalumu kama tunavyowanywesha dawa ya minyoo. Kwa sababu ya uzito wake huzama na kukaa tumbo la pili, na hapo hukaa maisha yote ya ng'ombe. Betri yake hudumu miaka kadhaa na haichajiwi. Kila baada ya dakika chache kinapima joto na kulituma kwa redio hadi kwenye antena ya bandani. Joto la tumboni huwa juu ya lile linalopimwa kwa njia ya haja kubwa kwa takriban nusu nyuzi, kwa sababu ya ule uchachushaji, kwa hiyo usishtuke ukiona 39 kwa ng'ombe mzima wa afya. (Siku ya kumchinja, kumbuka kumwambia mchinjaji. Kikisahaulika kitakwenda na utumbo hadi kwa mtu wa supu.)

Ukiangalia mchoro wa siku nzima wa kidonge, mstari haupandi na kushuka kwa ulaini. Una mashimo. Kila shimo ni maji: ng'ombe akinywa ndoo mbili za maji ya kawaida, joto la tumboni linaporomoka kwa nyuzi kadhaa mara moja, kisha linapanda polepole kwa saa moja au zaidi hadi lilipokuwa mwanzo. Programu nzuri huyaondoa mashimo hayo kabla ya kukokotoa wastani wa joto la mwili. Lakini usiyaondoe machoni pako, kwa sababu yana habari. Ukiona mashimo manne kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, halafu hakuna hata moja mpaka alfajiri, umeshajua kitu ambacho hakuna aliyekuambia: ndoo ilikuwa tupu usiku kucha. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 80 kwenye siku ya joto kali, na saa anazotaka kunywa ni zile ambazo kijana ameshafunga geti na kwenda kulala. Tatizo hilo halihitaji feni, linahitaji pipa na bomba lenye boya linalojaza maji lenyewe.

Homa au joto?

Hili ni jambo linaloweza kuua ng'ombe, kwa hiyo tulichukulie taratibu.

Ukanda wetu una ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe wa kisasa haraka. Dalili yake ya mwanzo ni homa ya nyuzi 40 na zaidi, ng'ombe anapunguza kula, anahema. Zilinganishe na dalili za msongo wa joto nilizozieleza juu. Zinafanana mno. Februari, kila mfugaji ana maelezo tayari ya kila ng'ombe anayehema, na maelezo hayo ndiyo hatari.

Chanika nilimshuhudia daktari mmoja wa mifugo, kijana, akiitwa kuangalia ng'ombe mwingine kabisa. Alipomaliza akamwona mtamba wa pembeni.

"Mama, na huyu?"

"Huyo mzima, dokta. Joto tu. Si unaona lilivyo mwaka huu."

"Ameanza kuhema saa ngapi?"

"Toka jana. Hata usiku nilimsikia."

"Samahani mama, naomba nimpime."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Kipimajoto kilisoma 40.7. Daktari akapapasa chini ya sikio, akaushika mkono wa mama na kuuweka palepale ili aiguse tezi iliyovimba kama limau, alama ya ndigana. Wenzake watatu kwenye banda lilelile walikuwa 38 na ushee.

Ule utaratibu aliotumia ndio unaotakiwa kuwa ndani ya programu ya kihisi chochote kinachouzwa hapa. Msongo wa joto hufuata saa na huwapata wengi kwa pamoja: joto la mwili linapanda mchana, linafika kileleni jioni au mwanzo wa usiku, saa kadhaa baada ya jua kali, kisha linashuka kiasi chake hadi alfajiri. Homa humpata mmoja, na alfajiri haishuki. Kwa hiyo kipimo kimoja cha saa nane mchana hakikuambii kitu, lakini kipimo cha saa kumi na moja alfajiri, kikilinganishwa na cha wenzake waliolala banda moja, kinakuambia karibu kila kitu. Kihisi kina uwezo huo kwa sababu hakilali. Ila muulize muuzaji: je, programu yako inamlinganisha ng'ombe na wenzake wa banda moja, au inamlinganisha na namba iliyowekwa kiwandani?

Anajilinganisha na nani?

Swali hilo lina upande wa pili ambao vipeperushi havigusi. Vifaa vingi humjifunza kila ng'ombe kwa siku saba hadi kumi hivi, kisha humpigia kengele akitoka kwenye kawaida yake mwenyewe. Ni wazo zuri, maana ng'ombe wanatofautiana. Lakini ukikifunga kifaa mwishoni mwa Januari, kifaa kitajifunza ng'ombe aliyekwisha kuelemewa na kitaamini kwamba kucheua saa tano kwa siku ndiyo kawaida yake. Hakitalia, na wewe utasema ng'ombe wako wamezoea.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo. Joto la Dar halivamii, linanyemelea. Kuanzia Oktoba linapanda kidogo kidogo, na kawaida inayosogezwa kila wiki inasogea nalo. Ulaya, ambako vifaa vingi vimetengenezwa, joto huja kama wimbi la siku tano na kuondoka, na kengele ya kulinganisha na wiki iliyopita inaliona vizuri. Hapa wimbi ni la miezi minne.

Kwa hiyo funga vifaa Juni au Julai. Mwache ng'ombe ajulikane akiwa na raha, na uandike pembeni, hata kwenye daftari la banda, namba zake za kipindi hicho: dakika za kucheua, saa za kulala, joto la alfajiri. Hizo ndizo za kulinganishia Februari, hata kama programu itakuwa imeshazisahau.

Kingine ni kwamba programu hizi zilifundishwa kwa ng'ombe wakubwa wa Holstein wanaotembea huru kwenye mabanda mapana. Chotara wako aliyefungwa, anayepiga kichwa ubavuni kufukuza nzi wakati wa masika, anatikisa shingo kwa namna ambayo programu haikuiona ilipokuwa inafundishwa. Kabla ya kuamini, kaa na ng'ombe nusu saa, andika dakika kwa dakika anacheua au la, kisha fananisha na simu inavyosema. Ikikosea sana kwa nusu saa hiyo, itakosea mwaka mzima.

Ujumbe umefika. Halafu?

Mawasiliano si tatizo kubwa sana mjini. Vifaa vingi hutumia redio ya nguvu ndogo hadi kwenye antena ya bandani, na antena hiyo ndiyo inayotumia laini ya simu. Cha kuhakikisha ni kwamba kihisi kinahifadhi vipimo ndani yake umeme unapokatika na kuvituma ukirudi, vinginevyo utakuwa na mashimo kwenye mchoro ambayo si ya maji.

Tatizo liko baada ya ujumbe. Saa mbili usiku simu inakuambia ng'ombe namba tatu ana nyuzi 40 na hashuki. Utafanya nini? Kama huna jibu, hujahitaji kihisi bado.

Pwani, kumpoza ng'ombe kwa ukungu wa maji, kama inavyofanyika kwenye nchi zenye hewa kavu, ni kosa. Ukungu unaongeza unyevu kwenye hewa ambayo tayari imejaa, na matone madogo yanabaki juu ya manyoya bila kufika kwenye ngozi. Kinachofanya kazi ni maji ya matone makubwa, yanayolowesha hadi ngozini kwa dakika moja hivi, kisha feni ipulize dakika nne au tano mpaka ngozi ianze kukauka, ndipo urudie. Maji bila feni ni nusu ya kazi. Feni bila maji, hewa ikiwa imefika 33, inasaidia kidogo. Yote mawili yana gharama, LUKU kwa upande mmoja na boza la maji kwa upande mwingine, na hapo ndipo kihisi kinapoweza kujilipa: badala ya kuwasha feni usiku kucha kwa ng'ombe wote, unaiwasha kwa wale wawili wanaokamuliwa zaidi, kuanzia jioni hadi joto lao lishuke, na unaona lilivyoshuka.

Kabla ya hapo kuna hatua zisizohitaji umeme. Paa la makuti, au bati lililoinuliwa na kuwekewa makuti chini yake, linapunguza mionzi inayomshukia mgongoni. Ukuta wa matofali uliojengwa hadi juu kwa kuogopa wezi unazuia upepo, na ng'ombe analipia ulinzi huo kwa pumzi. Chakula nacho kina saa zake: joto la uchachushaji hupanda saa chache baada ya kula, kwa hiyo matete, machicha na mashudu yakitolewa kwa wingi saa tatu asubuhi, kilele cha joto la ndani kinakutana na kilele cha jua. Sogeza sehemu kubwa ya chakula ipite jioni na alfajiri. Halafu angalia kwenye mchoro kama kucheua kumerudi usiku. Hapo kihisi kinakuwa mwalimu kweli, kwa sababu unabadilisha kitu kimoja na unaona matokeo ndani ya siku tatu, bila kusubiri kubishana kuhusu maziwa.

Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu, ushauri wangu ni kutonunua. Ana kihisi tayari. Asimame nyuma kidogo ya ng'ombe, pembeni, bila kumshtua, aangalie ubavu unavyoingia na kutoka, ahesabu kwa sekunde 30 kisha azidishe mara mbili. Chini ya 50 ng'ombe yuko salama. Ikizidi 60 joto limeanza kumsumbua, ikizidi 80 anaumia, na ikikaribia 120 mwite daktari huku ukimmwagia maji. Ahesabu saa kumi jioni, na ahesabu tena saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukamua. Ile ya alfajiri ndiyo muhimu. Kipimajoto cha kupimia nyuma ni cha bei ndogo, na afisa mifugo wa kata atakuonyesha namna ya kukitumia.

Mwenye ng'ombe kumi na kuendelea, au kikundi cha wafugaji wanaouza maziwa pamoja, hana haja ya kuwavisha wote. Vidonge vitatu au vinne kwenye banda vinatosha kueleza usiku ulivyokuwa: kimoja kwa anayekamuliwa zaidi, kimoja kwa wa kati, kimoja kwa aliye karibu na ukuta usio na upepo. Kwa magonjwa hilo halitoshi, maana ndigana haichagui aliyevaa kifaa. Kwa joto linatosha.

Wanaouliza kuhusu kuku, jibu ni fupi. Kuku hana tezi za jasho, anategemea kutweta, na joto la mwili wake wa kawaida ni nyuzi 41 hivi, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla ya kufa. Lakini hakuna anayemvisha kuku wa nyama kifaa. Vihisi vinawekwa bandani, kwa urefu wa kichwa cha kuku na si cha mtu, kwa sababu hewa ya sakafuni juu ya maranda siyo unayoipumua wewe ukiwa umesimama.

Kwa ng'ombe, muuzaji akija, usimruhusu akuonyeshe mchoro wa shamba la Uholanzi. Mwombe mchoro wa Februari wa ng'ombe wa mahali penye usiku kama wetu, Tanga, Mombasa, popote pwani. Muulize bei ni ya kununua mara moja au kuna ada ya kila mwezi, inalipwa kwa dola au kwa shilingi, na ada ikikatika vipimo vya nyuma unabaki navyo au vinapotea. Na kama hana mchoro wowote wa pwani, mwambie aache vifaa viwili kuanzia Julai hadi Machi, bei mtazungumza Aprili.